Soksi za Mvua za Shangazi Mwamvita

Wanaosema mwanamke mwenye matende ni wa kukaa ndani hawakumjua shangazi yangu Mwamvita, au walimjua wakajifanya hawaoni, kama baba yangu. Mguu wake wa kushoto ulianza kuvimba kabla sijazaliwa. Ilipofika mwaka tisini na saba ulikuwa mnene kuanzia gotini hadi vidoleni, ngozi imekakamaa, na hakuna kiatu cha dukani kilichoukubali. Mumewe alipomwacha alirudi Mtoni, Temeke, kwa kaka yake Salumu, ambaye ndiye baba yangu. Akapewa chumba cha uani. Miaka sita alikaa humo, mguu umefunikwa kanga, na siku za wageni aliambiwa kwa upole abaki huko huko.

Ule upole ndio ulionikera kuliko matusi. Baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na aibu tu, na aibu yake aliiita huruma.

Wakati huo biashara zilikuwa zimeshafunguliwa, Temeke nzima inauza kitu. Shangazi akaenda sokoni Ilala kwenye mitumba akanunua begi la mgongoni, yale ya Wazungu wapanda milima, yenye mikanda ya kifua na kiuno. Alilijaza kanga na vitenge, akapanda basi hadi Pugu, kutoka hapo akashika njia za miguu kuingia vijiji vya Kisarawe ambako wachuuzi wengine walikuwa wavivu kufika. Siku ya nne alirudi begi likiwa jepesi na yeye anaimba. Mguu ulikuwa mzito, ndiyo, lakini ulitembea. Ulitaka kitu kimoja tu, kukaa mkavu. Ukilowa, ngozi hupasuka katikati ya vidole, na ikipasuka homa ya matende haichelewi.

Ndipo ikaja mvua ya Elnino. Hiyo haikuwa ya kusubiri ikatike, ilinyesha kama imelipwa. Shangazi alijaribu kuvaa mifuko ya plastiki, ikachanika kabla hajapita stesheni ya Pugu. Baba akaona hapo ndipo pa kumbana. Alimwita sebuleni akamwambia kwamba safari zinatosha, na kwamba siku homa itakapomrudia kwa sababu ya kutembea, ndiyo itakuwa mwisho. Shangazi akakubali. Mimi nilidhani amesalimu amri, kumbe alikuwa anatafuta kitambaa.

Alichukua koti la mvua la nailoni, jepesi hata ukilikunja linaingia kiganjani. Akaukanyagisha mguu kwenye gazeti, akanituma nichore pembeni yake kwa kalamu, kisha akapima unene kwa uzi, kuanzia kifundoni hadi gotini. Akakata, akakaa kwenye cherehani, akashona soksi ndefu ya kufika gotini, kwa mishono midogo iliyobanana. Kazi yake ilikuwa safi, haina kasoro. Alipomaliza akaikagua kwa masharti aliyofundishwa utotoni chuo cha Kurani kuhusu khufu, zile soksi za ngozi ambazo mtu anaruhusiwa kuzipangusa kwa maji wakati wa udhu badala ya kuosha miguu. Ifunike vifundo vyote viwili. Iweze kutembelewa. Isipitishe maji. Mimi nikamwonyesha vitundu vya sindano. Akanicheka, akasema maalimu wake alifundisha kwamba maji yanayopenya kwenye mshono yamesamehewa.

Akaondoka na masharti yake. Siku ya pili akarudi anaburuta mguu. Maji yalikuwa yameingia kwenye kila tundu, na kwa vile mishono ilikuwa mingi, matundu nayo yalikuwa mengi. Homa ilimlaza wiki mbili, mguu unawaka, anatetemeka chini ya mablanketi mawili. Baba akachukua begi akalifungia stoo. Ufunguo akauweka mfukoni mwa kanzu. Nilimchukia siku ile, na bado sijaona haya kulisema.

Homa iliposhuka, Shangazi aliomba chai, akanywa kikombe kizima, kisha akaniambia:

"Maalimu hakukosea, Munira. Yeye alikuwa anazungumzia udhu. Kasamehe Mungu, mvua haijasamehe."

Akanituma kwa Anselmo, fundi baiskeli wa Tandika, nikamuulize tyubu inazibwaje. Anselmo alidhani nina pancha. Nilipomweleza alicheka hadi akakaa chini, lakini alinipa maelekezo yote: kwangua kwa msasa, paka gundi ya solusheni nyembamba, subiri hadi isinate kidoleni, ndipo ubandike na kugonga. Haraka ndiyo inayoharibu, alisema.

Shangazi alikata mikanda ya nailoni yenye upana wa vidole viwili, akabandika juu ya kila mshono, ndani na nje. Chumba kilinuka hadi macho yakatutoka machozi. Kisha akaijaza soksi maji, akaining'iniza kwenye kamba ya nguo uani tangu asubuhi hadi adhuhuri, mbele ya kila mtu aliyepita. Baba alipita mara tatu. Haikudondosha hata tone. Ndani aliamua kuvaa soksi ya pamba, na nyingine ya akiba ya kubadilisha mchana, kwa sababu jasho nalo ni maji.

Asubuhi iliyofuata alisimama mbele ya baba akaomba ufunguo. Baba akamwambia akitoka na mvua ile, asirudi nyumbani kwake. Shangazi alifunga bidhaa zake ndani ya shuka, akajibebesha mgongoni kwa kanga kama mtoto, akaondoka. Mvua ilimmeza kabla hajafika barabarani.

Siku nne sikulala vizuri. Naamini baba naye hakulala, ingawa hakukiri.

Siku ya tano alasiri mvua ilikuwa imepumzika, na baba alikuwa barazani na wenzake watatu wa msikitini. Shangazi akatokea, matope hadi kiunoni. Akatoa salamu, akamwamkia kaka yake, akaketi pale pale kwenye mkeka wa wanaume. Akafungua kamba gotini, akavua soksi ya nailoni, akavua ya pamba, akaunyoosha ule mguu mbele yao. Ulikuwa mkavu kama mkate. Hapakuwa na mpasuko hata katikati ya vidole.

Wazee wakatazama pembeni. Baba akainama, akamwambia kwa sauti ya chini:

"Ingia ndani, Mwamvita. Watu wanaona."

"Waone, kaka. Ndani nilishakaa."

Baba alibaki ameinama vile vile, anautazama mguu ambao kwa miaka yote ile sikuwahi kumwona akiutazama. Mwishowe akaingiza mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa ufunguo wa stoo, akauweka kwenye mkeka karibu na vidole vya mguu ule.