Kutandika Sanduku la Pikapu

Mwanangu, kabla hujaitandika pikapu yako, sikia hili. Nakumbuka siku moja, saa tatu na nusu asubuhi, mjomba aliponituma gereji moja ya Mpanda nikatandike sanduku la nyuma la pikapu yake, maana bati lilikuwa limeanza kuchubuka. Ilikuwa miaka ya tisini, nami ndiye niliyekuwa dereva wake.

Fundi alinipa njia mbili. Ya kwanza, sinia la plastiki lililotolewa kwenye gari kuukuu: unalidumbukiza, unakaza bolti nne, unaondoka. Ya pili, ile rangi nzito kama mpira inayopulizwa kwa kompresa chini ya mabasi. Yeye aliichanganya na mchanga laini, ikikauka inakwaruza kama msasa. Lakini sharti kutu ikwanguliwe kwanza, na gari lilale hapo.

"Linabeba nini?" aliuliza.

"Mpunga."

"Mpunga tu?"

"Fundi, we weka plastiki. Mchagua jembe si mkulima."

Alicheka. "Haya, mkulima."

Mwanangu, plastiki yenyewe haikuwa na kosa. Magunia kutoka kijiji cha Mamba yaliteleza kidogo, tukayafunga kamba, yakatulia.

Mvua zilipokolea, Nyamizi, binti wa mjomba, alishikwa na uchungu huko kijijini Kakese, na mtoto akakwama. Tulimpakia akiwa juu ya kitanda cha kamba, kama tulivyopakia wagonjwa wote. Mkunga wetu, Bibi Kalunde, alikaa kando yake. Tulipoanza kupanda mlima, kitanda kiliteleza kuelekea mlango wa nyuma. Bibi alikizuia kwa mguu, kidole gumba kikavunjika.

"Simama! Umetupakia kwenye kikaango cha mafuta, weye?"

Tulikishusha kitanda barabarani. Mjomba alimkinga mwanawe mvua kwa turubai, mimi nikafungua bolti. Chini ya plastiki palikuwa na maji, pumba zilizooza, na kutu iliyokuwa imekula bati kuliko mwanzo. Tuliitupa plastiki mtaroni. Juu ya bati lile bovu miguu ya kitanda ilishika, tukafika hospitali.

Mtoto alizaliwa hai. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu, tungewazika wawili.

Nilimweleza Bibi Kalunde yaliyosemwa gereji. Aliutazama mguu wake uliofungwa bendeji, akasema, "Mjukuu wangu, fundi kakuuliza, ukajibu mpunga. Sisi mpunga?"

Kuuliza si ujinga, mwanangu, na kuulizwa ni bahati. Ukibeba magunia peke yake, plastiki itakufaa, mradi uing'oe mara kwa mara uoshe chini yake. Ukibeba na watu, pulizia rangi ya kukwaruza, na usikubali ipulizwe juu ya kutu. Kabla ya yote, taja kila kitakachopanda gari hilo, hata kile unachoomba kisipande.

Mungu akujalie breki zinazoshika, na akupe watu wa kukuuliza mara ya pili.

Kwa kuchagua plastiki, niliokoa shilingi elfu tisa.