Bibi Aliyefuta Chaki Zangu

Nianze kwa kuwaomba radhi, wasomaji wangu. Safu hii naiandika kwa mkono kwenye daftari la mistari, na mhariri husema herufi zangu zimelala kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo mkikuta neno limekosewa kosa ni langu, na mkikuta limenyooka mshukuruni yeye. Mwezi huu nilikusudia kuandika juu ya panya wanaotafuna nyaya darini. Lakini wiki iliyopita nikiwa kijijini Dirma, juu ya ngazi, mama alinipigia simu akaniambia bibi wa Tlawi amefariki. Nikashuka, nikakaa kwenye boksi la vifaa. Mwenye nyumba akaniuliza kama nimepigwa na umeme. Nikamwambia hapana, umeme wenyewe bado haujafika. Bibi huyo hakuwa ndugu yangu. Alikuwa mteja wangu wa kwanza.

Kabla yake nilifanya kazi miaka minne chini ya fundi umeme mmoja mwenye leseni mjini Mbulu, ambaye mpaka leo namwita bosi. Yeye alikuwa na maneno, mimi nilikuwa na koleo. Aliweza kumweleza mwenye nyumba uzuri wa waya wa shaba mpaka mimi nikawa nimemaliza chumba kizima. Siku nilipomwambia nataka kujitegemea alicheka, wala si kwa ubaya. Akasema, "Dogo, kufunga taa unajua. Lakini mteja utampataje? Wewe hata hodi hupigi, unasubiri watu watoke nje wenyewe." Nilijua ni kweli. Tukakubaliana kwamba nikipata kazi atakuja kuikagua na kuigongea muhuri, maana bila muhuri wa mwenye leseni huletewi mita. Na kama kazi ya kwanza ataikataa, nirudi kwake kubeba ngazi, habari ya kujitegemea iishie hapo. Nikarudi kijijini kwetu Tumati na vifaa vyangu, nikakaa wiki sita bila kuitwa na mtu. Mama akaanza kunionyesha jembe.

Ndipo akaja huyo bibi kutoka Tlawi. Alikuwa mjane, mfupi, mgongo umeinama kwa kulima, ila ulimi wake haukuinama hata kidogo. Watoto wake walioko mijini walikuwa wamemjengea nyumba ya matofali ya vyumba vinne, nguzo za umeme zimefika mpaka kwa jirani, na tayari alishafukuza mafundi wawili. Alikuwa akifahamiana na mama kanisani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha nikaishiwa maneno. Alinitazama mpaka chai ikaisha. Halafu akamuuliza mama kama mimi ndiye yule asiyeongea. Mama akajibu kwa aibu kwamba ndiyo. "Basi nampa nyumba yangu," akasema bibi. "Wale wawili waliongea mpaka ng'ombe wakagoma kutoa maziwa."

Kazi ya wayaringi, yaani kupitisha nyaya za umeme ndani ya nyumba, huanza na chaki. Fundi anazunguka ukutani akiweka alama ya X kila mahali patakapokaa swichi au soketi, ndipo achimbe njia ya paipu. Siku ya kwanza bibi alinifuata chumba kwa chumba. Kila alama niliuliza, "Bibi, swichi ikae hapa?" Akajibu, "Sawa." Sikuongeza swali. Bosi alinifundisha kwamba ukimuuliza mteja sana atakuona hujui kazi, na nyumbani nililelewa kwamba mtu mzima akisema sawa, ni sawa. Asubuhi iliyofuata nikakuta kuta nyeupe kabisa. Nikafikiri labda plasta ilikuwa bado na unyevu, nikachora upya, nikakazia. Siku ya tatu kuta zilikuwa safi tena, na safari hii kitambaa chenye maji kilikuwa kimeanikwa dirishani, hakijafichwa hata kidogo.

Nilikaa nalo moyoni mpaka saa ya kula. Bibi aliniwekea ugali na maziwa ya mgando, akasubiri nishibe, maana kwao fundi ni mgeni na mgeni hasemwi akiwa na njaa. Nikajikaza.

"Bibi, samahani. Kuna mtu anafuta alama zangu?"

"Mimi."

"Kwa nini, bibi?"

"Walipopanua barabara, walikuja vijana wapole kama wewe, wakachora X kwenye nyumba ya dada yangu. Nao walisalimia vizuri tu. Baadaye likaja greda." Akaniongeza maziwa. "Nikasema, huyu mtoto wa watu ametumwa, nisimgombeze. Nitafuta tu mpaka achoke."

Nilicheka mpaka maziwa yakanipalia, naye akacheka kwa kuniona nacheka. Nikamweleza kwamba X yangu haibomoi kitu, ni mahali pa swichi. Akauliza swichi ndiyo nini. Mara zote alizojibu sawa, hakujua naulizia nini. Mtu wa umri wake hawezi kumwambia mtoto kwamba hajui, na mtoto wa umri wangu hawezi kumuuliza mtu mzima kama ameelewa. Tungeendelea hivyo, yeye na kitambaa, mimi na chaki, mpaka chaki ziishe dukani.

Nilipomwonyesha swichi yenyewe, akaibonyeza mara mbili tatu, akasema kama ni hivyo alama ataweka yeye. Akaenda chumba cha nyuma, ambako ng'ombe mwenye ndama alikuwa akilala ndani ya nyumba kama ilivyokuwa desturi katika nyumba yake ya zamani, akachovya kidole kwenye samadi mbichi. Kisha akaizunguka nyumba kama anavyoishi ndani yake. Hapa naamka, akasema, akabandika doa la kijani ukutani. Hapa nachambua maharage, doa. Mlango wa mbele akaupita bila kuutazama, kwa sababu yeye huingilia wa nyuma. Sebuleni hakutaka taa kabisa, wageni waje mchana. Nikaomba taa moja kwa ajili ya mchungaji wa kanisa akija jioni, akakubali kwa shingo upande. Kwa ng'ombe alitaka mbili, maana ndama akikwama wakati wa kuzaliwa nani atamshikia tochi. Hapo tu nilimkatalia kitu kimoja. Nilimwambia swichi ikae nje ya mlango, ng'ombe hulamba kila kitu. Akaniangalia kwa heshima mpya, akahamisha doa. Madoa yote yalifika usawa wa mkanda wangu. Nikamuuliza kwa nini chini hivyo, akanionyesha kwamba mkono wake haupandi kupita bega. Nikachimba palipo na samadi.

Bosi alikuja na pikipiki siku ya ukaguzi. Akapima waya wa ardhini, akafungua maboksi, akavuta nyaya moja moja, akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaona swichi. "Dogo, hizi ulizifunga umepiga magoti?" Akasema nichimbe upya, nizipandishe zote zifike kifuani kama nyumba za watu wengine, la sivyo hagongi muhuri na makubaliano yetu nayajua. Plasta ilikuwa imeshakauka. Nilimtazama bibi aniokoe, yeye ambaye hakuwahi kukosa neno. Akakaa kimya, ananitazama mimi.

Wasomaji, nilisema maneno mengi kuliko niliyosema kwa miaka yote minne. "Bosi, wewe hulali hapa. Bibi mkono wake haupandi, nilimuuliza mwenyewe. Waya umepima, ni mzima. Kama kuna sheria nimevunja nionyeshe, nitabomoa. Kama ni mazoea tu, naomba muhuri."

Hapo ndipo bibi alipofungua kinywa. "Nyumba hii haibomoi mtu."

Bosi akainama, akaibonyeza ile swichi ya chumbani, akabaki ameinama kwa muda. Halafu akatoa muhuri. Akiwa anapanda pikipiki akamwambia, "Bibi, umepata fundi." Bibi akamjibu, "Ninaye tangu juzi. Wewe ndiye umechelewa."

Tangu siku hiyo nimefunga taa nyumba nyingi, na sasa nguzo zinateremka mpaka tambarare za Hanang. Nyumba mpya zinafanana kama sare za shule, na sisi mafundi tunazifunga kwa kimo cha mtu ambaye hayupo. Mimi siku hizi nauliza. Unaamkia upande gani? Mlango upi unatumika? Nani ana mguu mbaya? Mzee mmoja wa Dirma alinijibu yote kwa subira, mwishoni akaniuliza kama mimi ni fundi au nimekuja kuhesabu watu. Lakini alipotaka taa ya kwanza iangalie zizi badala ya sebule, sikushangaa. Sisi huku tumefundishwa kwamba heshima ni kunyamaza. Mdogo hamuulizi mkubwa, mkubwa hamwonyeshi mdogo kwamba hajui, na katikati yao nyumba inajengwa vibaya huku kila mmoja akijiona ana adabu. Nadhani swali lililotanguliwa na shikamoo nalo ni heshima.

Nilikwenda msibani. Watoto wake walisema maneno yao, majirani wakasema, mchungaji akauliza kama kuna mwingine. Nilikuwa nyuma pamoja na wanaume, sikuinuka. Nilitaka kusema kwamba alinipa nyumba yake wakati hakuna aliyenipa hata kibanda cha kuku. Na yeye mwenyewe sikuwahi kumwambia. Nilipita Tlawi mara nyingi, nikanywa maziwa, nikabadilisha taa iliyoungua, nikaaga. Niliona aibu, nikajiambia anajua. Huenda alijua. Lakini kudhani mtu anajua si sawa na kumwambia, na jambo hilo nilijifunza ndani ya nyumba yake mwenyewe, halafu sikulitumia kwake.

Kwa hiyo nawaomba mniandikie. Nataka kujua ni nani aliyekuamini kwa kazi yako ya kwanza, na kazi yenyewe ilikuwa ipi. Ila kama mtu huyo bado yu hai, barua ya kuniandikia mimi isubiri. Nenda ukamwambie yeye kwanza.