Shimo la Kamukuywa

Harufu ya gundi ya pancha ikinipata popote, hata leo nikiwa mtu mzima mwenye kitambi na kadi ya kliniki ya presha, miguu yangu husimama kabla mimi mwenyewe sijakumbuka sababu. Ni harufu tamu lakini kali, hasa ikichanganyika na ile ya mpira uliosuguliwa kwa msasa. Juzi nilimpita kijana anayeziba magurudumu ya pikipiki hapa mtaani, nikasimama mbele yake kama mlevi mpaka akaniuliza, "Mzee, unatafuta nini?" Sikuwa natafuta kitu. Nilikuwa nimepatikana.

Niwaambie ukweli, mimi sikuumbwa kuwa mtu wa barabara. Wazazi wangu walitoka Mkoa wa Kati wakanunua shamba upande wa Kachibora, kisha tukahamia nje kidogo ya mji wa Kitale. Katika hayo makazi yote mawili mahali nilipopajua vizuri ni jikoni. Nilikuwa na kigoda changu karibu na moto, githeri ya mahindi na maharagwe ikitokota, redio ikizungumza peke yake juu ya kabati. Jua likianza kushuka nilikuwa tayari ndani, na ndiyo maana dada zangu waliniita Kuku. Jina likanifuata hadi kidato cha kwanza, na huko likamfikia Simiyu, jirani yangu wa dawati. Huyo hakulitumia kunidharau. Alilitumia kila dakika, jambo ambalo ni tofauti. Asubuhi ilikuwa, "Kuku, niaje? Leo utatagia wapi?"

Simiyu kwao kulikuwa Kanduyi, pale Bungoma inapoanzia, lakini alisomea Kitale akikaa kwa shangazi yake. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa Fundi Barasa, mtengeneza baiskeli karibu na soko, aliyekuwa amewahi kushindana ujanani na sasa alikuwa amekusanya vijana saba akawaita Klabu ya Nyororo. Miaka hiyo boda boda za Kitale zilikuwa bado baiskeli. Simiyu alikuwa na baiskeli ya gia yenye magurudumu membamba, aliyoungiwa na Fundi kutoka kwa mabaki ya tatu. Sisi wengine tulikuja na zile nyeusi nzito za kubebea maziwa. Fundi alizivua madigadi, kerea ya mizigo, stendi na kengele, mpaka ya baba yangu ikabaki kama kuku aliyenyonyolewa. Vijana waliona mfano huo kabla yangu, na walinikumbusha mwezi mzima.

Kwa nini nilikubali? Kwa sababu niliulizwa. Kabla ya hapo hakuna mtu aliyewahi kuniomba niende naye mahali popote.

Tuliendesha kwa mstari mmoja, gurudumu kwa gurudumu, katikati nafasi ya kama shubiri moja. Wa mbele anapasua upepo, wa nyuma wanapumzika, kisha mnabadilishana zamu. Tatizo ni kwamba anayefuata haoni barabara. Anaona makalio ya mwenzake. Mwaka ule niliyajua ya Simiyu kuliko nilivyojua ramani ya Kenya. Kwa hiyo aliye mbele akiona shimo huachilia mkono mmoja, anaushusha na kuonyesha chini kwa kidole, upande lilipo. Wa pili anaonyesha wa tatu, na hivyo hivyo hadi mwisho. Fundi alisema hiyo ndiyo klabu yenyewe, mengine ni miguu tu.

Na mimi sikuweza kuachilia mkono.

Msinicheke bado. Miguu nilikuwa nayo, hata Fundi alishangaa. Lakini nikiinua kiganja kimoja tu, usukani ulianza kuchezacheza kama kichwa cha mbuzi anayekataa kamba. Nilijaribu kila Jumapili baada ya kanisa, uwanjani, ng'ombe wakinitazama, na mara mbili niliishia kwenye ua la miiba ya kayaba. Dada yangu alinitoa miiba mgongoni kwa pini, akicheka hadi akaniongezea mingine. Barabarani nikiwa mbele nilipaza sauti tu: "Shimo!" Vijana walisema Kuku ametaga. Fundi hakucheka. Alisema upepo unabeba sauti, lori likipita hakuna atakayekusikia, na kijana asiyeonyesha hatamkubali kwenye mstari wake.

Mwezi wa nane kulikuwa na mashindano Kanduyi, na klabu moja kubwa ya Eldoret ingekuja kuchagua vijana wawili. Mmoja tulimjua. Shida ilikuwa baba yake Simiyu, karani wa ofisi moja Bungoma, mzee aliyeamini kwamba baiskeli ni ya kubebea mahindi. Alikuwa amekubali jambo moja tu: Jumamosi moja kabla ya mashindano tungeenda kuzoea barabara kutoka Kitale, naye angesimama Kanduyi amwone mwanawe akiingia. Akiridhika, Eldoret. Asiporidhika, vitabu.

Asubuhi hiyo Fundi alitupanga mbele ya duka lake, pikapu ya kuazima ikinguruma nyuma yetu. Akaniita kando kwa jina langu la shule. Yeye alitamka l na r apendavyo mwenyewe.

"Kaliuki, mkono umekubali?"

Sikuwa nimewahi kufika Bungoma. Mama alikuwa amenifungia viazi kwenye kitambaa. Vijana wote walikuwa wamepanda.

"Umekubali," nikasema.

Fundi akanitazama. Simiyu, aliyekuwa anapima upepo wa gurudumu kwa kidole gumba, akasema bila kuinua kichwa, "Mimi nitakaa nyuma yake, Fundi. Nimeona amejua."

Nilijivuna, wallahi. Kiminini tulipita kama harusi, watoto wakitukimbilia kando ya lami. Kisha zamu yangu ya mbele ikaja mahali ambapo haikupaswa kuja, kwenye mteremko wa kuelekea mto Kamukuywa. Baiskeli ya baba, nzito vile ilivyokuwa, ilishuka kama gunia linaloanguka. Machozi ya upepo yalinijaa machoni. Lori la mahindi lilikuwa linapanda likilia kwa gia ya kwanza. Na pale pembeni, upande wa kushoto, nikaliona shimo, refu kama jeneza la mtoto.

Nilikuwa na muda. Hilo ndilo ninalotaka mjue. Nilikuwa na muda wa kutosha kushusha mkono, na nilikumbuka kuushusha, nikauambia ushuke. Vidole vikakaza zaidi. Nikapiga kelele ambayo hata mimi sikuisikia kwa sababu ya lori, nikapinda kidogo, nikalikwepa.

Nyuma yangu kulikuwa na sauti ya chuma, kisha sauti nyingine isiyokuwa ya chuma.

Niliposimama na kurudi, Simiyu alikuwa kwenye nyasi, paja limekunjwa mahali ambapo paja halikunjwi. Baiskeli yake ya mabaki matatu ilikuwa imerudi kuwa mabaki. Wale watano wengine walikuwa wamefanikiwa kumkwepa. Fundi aliruka kutoka kwenye pikapu, akapiga magoti kando yake, akamfunga mguu kwa vipande vya mbao na shati lake mwenyewe. Alipomaliza ndipo akauliza, akiwa bado ameangalia chini:

"Nani alikuwa mbele?"

"Mimi."

"Ulionyesha?"

Nilijibu haraka kuliko nilivyowahi kujibu swali lolote darasani. "Nilionyesha."

Simiyu alikuwa anatetemeka meno. Akanitazama, macho makavu, makubwa.

"Alionyesha, Fundi," akasema. "Mimi ndio sikuangalia."

Jioni hiyo nilikuwa mlangoni mwa wodi baba yake alipofika. Alikuwa amengoja Kanduyi tangu saa tano, amevaa suti. Alisimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi.

"Kila siku nakuambia, angalia mbele," akasema.

"Ndiyo, baba," Simiyu akajibu.

Nilisikia, nikaondoka polepole nisije nikaonekana. Nyumbani mama alimshukuru Mungu kwamba si mimi, akaniwekea chai na mkate, nami nikala. Sikupanda baiskeli tena, na kila mtu alinihurumia, ati nimeona mambo mabaya. Mguu wa Simiyu ulipona ukiwa mfupi. Alihamia Bungoma, akamalizia shule huko. Vijana wapya wa Nyororo waliambiwa na Fundi: angalieni mkono wa aliye mbele, msiwe kama Simiyu.

Ilinichukua miaka kumi na sita kufika Kanduyi. Simiyu alikuwa na kibanda cha spea kando ya barabara, akitembea kama mtu anayeshuka ngazi moja kila hatua. Nilianza kumweleza, hotuba niliyoitengeneza muda wote huo, naye akanikatiza.

"Kuku, si nilikuwa nyuma yako bana? Nilikuona umeshika usukani na mikono miwili kama mtu ameshika mkia wa ng'ombe. Hata uwanjani nilikuona, Jumapili. Nilijua hujui."

"Sasa kwa nini ukakaa nyuma yangu?"

"Mwingine angekaa pale angeumia. Mimi nilidhani nitakuwa nachungulia begani mwako." Akapanga nyororo kwenye msumari, moja moja. "Na Fundi angekurudisha nyumbani. Ulikuwa umefurahi sana na viazi vyako."

Nikamwomba anipeleke kwa mzee wake, nikamwambie mwenyewe.

"Mzee tulimzika mwaka juzi," akasema. "Nikivuka hii barabara, hata akiwa mgonjwa, alikuwa anasimama pale mlangoni kwetu. Ananiambia, angalia."

Mama yake alikuwepo. Tulimkuta uani anachagua maharagwe kwenye uteo, nikamwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu sikuona haki ya kukaa. Hakulia wala hakunifukuza. Alitoa mawe mawili madogo, akayatupa.

"Baba yake angetaka kusikia hayo," akasema, akaendelea kuchagua.

Nikiwa na miaka kumi na minne nilidhani Simiyu alisema neno moja kwenye nyasi za Kamukuywa, likaniokoa, likaisha. Mimi ndiye niliyesema uongo mara moja. Yeye alilazimika kulisema tena pale kitandani, na kwa mama yake, na kwa kila aliyemwuliza mguu umefanya nini, na mlangoni kwa mzee, kila alipoambiwa aangalie, akaitikia ndiyo, baba, na kuvuka.