Dishi la Shangazi Juu ya Choo

Shangazi yangu ameshona sare za shule miaka ishirini na mbili, ilhali shule yenyewe aliiachia kidato cha pili. Mwaka huu, akiwa na miaka arobaini na sita, akajiandikisha kusoma kwa njia ya mtandao ili afanye mtihani wa kidato cha nne. Alinitangazia habari hiyo akiwa na pini mdomoni.

“Na nitamaliza kabla yako,” akaongeza. Stashahada yangu ya umeme iliishia katikati, naye hapitwi na nafasi ya kunikumbusha.

Shida ilikuwa mtandao. Kwetu simu ya kuongea inapita vizuri, lakini picha ya mwalimu wa hesabu ikifika inaganda mdomo wazi, kama anapiga mwayo, mpaka kipindi kinaisha. Shangazi alishakosa vipindi viwili vya Jumamosi. Akikosa cha tatu, jina linafutwa.

Bahati nzuri kampuni moja ikasimamisha mnara kilimani, ng'ambo ya mto, wa intaneti ya hewani. Unafunga kidishi kwako, kinaangaliana na mnara, mradi kitu kisikae katikati. Alhamisi akaja fundi. Akapanda paa, akashuka akitikisa kichwa.

“Mama, ghorofa ya jirani imeziba. Tutarudi na mlingoti mrefu baada ya miezi miwili.”

“Keshokutwa nina hesabu.”

“Ndiyo hivyo, mama.”

Shangazi ni mtu wa kufumua koti zima kwa sababu ya mshono mmoja. Aliingia ndani, akatoka na kioo chake cha kupimishia nguo, kirefu kama mlango, akanishikisha upande mmoja. Kisha akampigia mlinzi wa mnara, ambaye suruali zake zote za kazi zilipunguzwa kiuno na shangazi.

“Baba, simama chini ya mnara uangalie huku kwetu. Ukiona kitu kinametameta, sema; mwanga ukifika, na mtandao utafika.”

Tukaanza kuzungusha jua kiwanjani. Kwenye banda la kuku: “Sioni.” Nyuma ya jiko: “Sioni, mama.” Tulipofika kwenye kamba ya nguo mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi, na fundi alikuwa ameshafunga begi lake. Ikabaki kona moja tu, kilipo choo. Tukageuza kioo, simu ikapiga kelele:

“Naona! Toeni, mnanipofusha!”

Fundi akakuna kichwa. “Mama, dishi juu ya choo kweli?”

“Kwani lina pua?”

Akalifunga. Waya ukavutwa kutoka chooni hadi dirishani, pembeni ya cherehani.

Jumamosi saa nne kasoro, shangazi akapiga marufuku choo, nisije nikatikisa paa. Nilivumilia. Mwalimu alipoanza kuita namba za wanafunzi, uvumilivu ukaniishia. Nikakimbia, mlango ukajibamiza nyuma yangu.

“Wewe!” shangazi akafoka dirishani. “Ukinikatia mtandao nitakushona mdomo!”

Halafu, hadi mle nilimojificha, ikanifikia sauti ya mwalimu, safi, bila kukwama:

“Nani huyo anayetaka kushona watu?”

“Namba kumi na saba, mwalimu,” shangazi akajibu, mpole kama mtoto wa kidato cha pili. “Nipo.”