Kopo la Mlenda, Chumba Namba Tisa

Matroni wetu alikuwa na daftari kubwa jeusi na kanuni moja tu ya kupanga vyumba: watu wa sehemu moja hawalali pamoja. Siku tuliyoripoti mwaka wa kwanza tulipanga foleni barazani na mizigo yetu, naye akamuuliza kila mtu anatoka wapi. Ukishamwambia, anakuandika mbali na yeyote wa kwenu. Mbele yangu alikuwepo msichana wa Mpwapwa niliyesafiri naye, na njiani tulikuwa tumekubaliana kulala chumba kimoja. Tukamwomba.

"Wilaya moja?" akauliza, bila kuinua macho.

"Ndiyo, mama."

"Mtaongea Kigogo mpaka mnamaliza chuo. Hapana. Wewe wa Gulwe, namba tisa. Utalala na wa Kondoa."

Chuo chenyewe kilikuwa kidogo, upande wa Msalato: madarasa manne, bwalo, bweni moja la wasichana, na vumbi lililoingia hata kwenye dawa ya meno. Nilikwenda kusomea cheti cha kutunza mafaili, na sikusoma zaidi ya hapo.

Kabla ya kupewa ufunguo kulikuwa na fomu. Palipoandikwa mzazi nikaandika jina la mama na namba yake ya simu. Mama alikuwa amefariki wiki tatu kabla ya siku hiyo. Sikukusudia kudanganya. Fomu zote nilizowahi kujaza niliandika jina lake, na mkono ulikwenda wenyewe. Lakini nilipomaliza niliona nilichoandika, peni ilikuwa bado mkononi, na sikukifuta. Hilo nililifanya kwa kujua.

Hakuna aliyenitambua kuwa ni mfiwa. Siku ya kuanua matanga tulinyolewa vichwa, mimi na wadogo zangu na baba, kama desturi ya kwetu ilivyo. Kule Gulwe mtu akikuona njiani na kichwa kile anasimama, anakupa pole. Chuoni nusu ya wasichana walikuwa na vichwa kama changu, maana walikuwa bado na mazoea ya shule, na shuleni wote hunyolewa. Kichwa cha msiba na kichwa cha kidato cha nne havina tofauti. Nilikaa katikati yao nikiwa nimejificha bila kufanya lolote, na nakiri kwamba mwanzoni nilipenda hivyo.

Mwenzangu wa chumba yeye alifika na nywele ndefu zilizosukwa, amejitanda ushungi, anaburuta begi lenye gurudumu moja. Alikuwa mwembamba na msemaji. Alinitazama kichwa.

"Bado hujatoka shule wewe," alisema. "Zikiota tu nakusuka. Mimi nasuka bweni zima, lakini rumeti wangu nitamsuka kwanza, asinitie aibu."

Nikacheka kidogo. Akachukua kitanda cha juu bila kuulizwa, kwa sababu, alisema, mimi nilikuwa na sura ya mtu wa kuanguka.

Kwenye tranka langu, chini ya nguo, kulikuwa na kopo la maziwa ya unga ambalo ndani yake hamkuwa na maziwa. Mlikuwa na mlenda mkavu uliotwangwa. Mama aliuchuma wakati wa mvua, akauanika juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, na siku alizoanza kuumwa ndipo alipoutwanga na kuujaza ndani ya kopo, akaliziba kwa nailoni. Alisema maharage ya chuo yatanishinda. Ilikuwa kazi ya mwisho aliyoifanya kwa mikono yake. Baada ya hapo alilala na hakuamka tena kufanya kazi.

Mlenda wa mama ulikuwa na mchanga siku zote. Jiwe lile liko upande unaotoka upepo, na yeye hakuwa na subira ya kupepeta. Baba alikuwa akimtania, anatafuna, anasimama, anasema, "Leo tumekula na uwanja." Mama anamjibu asiyetaka uwanja akachume mwenyewe.

Kopo lile sikulipika. Kila mchana nikitoka darasani nalifungua, nanusa, nalifunga, nalirudisha. Nilijua kwamba likiisha, mama hatanipa kitu kingine tena. Sikuwa na mpango nalo zaidi ya kutaka lisiishe. Mwenzangu aliniona nikifanya hivyo mara nyingi, na kwa jinsi alivyokuwa msemaji nilishangaa kwamba hakuuliza.

Wiki ya sita nikaugua malaria. Siku ya pili ya homa nilikuwa sijala chochote. Maharage ya bwalo niliyarudisha na sahani yake. Mwenzangu alinisindikiza zahanati asubuhi, tukarudi, nikameza dawa, nikalala. Nilipoamka ilikuwa saa tisa alasiri. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, na sakafuni mbele yake kulikuwa na sahani ya ugali wa uwele na sufuria iliyofunikwa. Kabla hajafunua nilishasikia harufu. Ilikuwa harufu ya nyumbani kwetu saa ya kula.

"Amka ule," alisema. "Uwele nimeomba kwa yule mpishi wa bwalo, magadi nimenunua gengeni. Mlenda ni wako mwenyewe, wala usinishukuru."

Nilishuka kitandani, nikafungua tranka, nikalitoa kopo. Lilikuwa limepungua hadi nusu.

"Nani kakutuma?" nikamuuliza.

"Hakuna aliyenituma. Hujala siku mbili."

"Nakuuliza nani kakutuma kugusa vitu vyangu."

Alidhani nafanya mzaha, halafu akaona sifanyi. Akaanza kusema kitu kuhusu njaa na dawa kali. Sikumsubiri. Nikajifunga khanga, nikatoka na homa yangu mpaka ofisini kwa matroni, nikamwambia nataka kuhamishwa chumba kwa sababu mwenzangu ananiibia.

Nilisema ananiibia, kana kwamba ni mara nyingi na ni vitu vingi. Nilijua maana ya neno lile mahali pale. Siku ya kwanza matroni alikuwa ametusomea kwamba mwizi halali bwenini hata siku moja, anaondoka na begi lake siku hiyo hiyo. Nilijua pia kwamba yule dada hakuwa na ndugu Dodoma mjini. Wa karibu yake walikuwa Kondoa. Nilisema hivyo nikiyajua yote hayo.

Matroni akatuma aitwe. Akaja na unga wa uwele bado kwenye kucha.

"Umechukua kitu cha mwenzako?"

"Nimechukua, mama."

"Kwa ruhusa yake?"

"Bila ruhusa. Alikuwa amelala."

Hakujitetea zaidi ya hapo. Hakutaja homa wala ugali, wala hakuniangalia. Matroni akanigeukia mimi.

"Na kilichoibwa ni nini?"

"Mlenda."

Matroni alinitazama. "Mlenda," alirudia. "Nimfukuze mtoto wa watu kwa mlenda. Wewe unaumwa au una lako jambo." Akavuta lile daftari jeusi, akafunua ukurasa palipobandikwa fomu zetu, akaweka kidole. "Mimi mambo ya wizi siamui peke yangu, nawaita wazazi. Wako yuko karibu, treni tu. Ngoja nimpigie mama yako."

Akachukua simu yake mezani na kuanza kubonyeza namba, anasoma moja moja kwa sauti. Namba ile ninaijua kuliko namba yoyote. Nilimwacha asome tarakimu kama sita hivi.

"Usipige, mama," nikasema.

"Kwa nini nisipige?"

"Simu anayo baba."

"Nitaongea na baba, ampe."

"Hatampa. Mama amefariki. Tulimzika mwezi wa tisa."

Nilikuwa sijawahi kulisema. Kule nyumbani halikuhitaji kusemwa, kila mtu alikuwepo. Matroni akaiweka simu chini taratibu. Akatazama tena ukurasa, mwandiko wangu, kisha kichwa changu.

"Na huo mlenda?"

"Aliutwanga yeye. Ndio wa mwisho."

"Alikupa wa nini?"

"Wa kula," nikasema.

Hapo ndipo mwenzangu aliponigeukia. Uso wake ulikuwa umekasirika, hasira ambayo hakuwa nayo hata nilipomwita mwizi.

"Wiki sita," alisema. "Nimelala juu ya kichwa cha mfiwa wiki sita, nakutania nywele, na hukuniambia. Inna lillahi. Mimi nilidhani unaona aibu kuupika, hawa wa mjini wasikucheke. Ndiyo maana nikaupika mimi."

"Sikuiba neno," nikamwambia. Nilimaanisha kwamba neno lile, mwizi, halikuwa lake, lakini homa ilikuwa imenivuruga na sentensi ikatoka vibaya. Nikaanza upya. "Hukuiba. Nimesema uongo. Mama, nimemsingizia."

Matroni alifunga daftari. Alisema nimwombe msamaha mwenzangu na si yeye, na kwamba hatanihamisha chumba, na nikitaka kuhama nihame chuo.

Tulirudi chumbani. Nilitegemea angekusanya vitu vyake au angenitolea vyangu nje, na ningemwelewa. Badala yake alikunja godoro langu, akaegemeza ukutani, akatandika mkeka sakafuni na kuniambia nikae hapo, niegemee. Kisha akatoka, nikamsikia kwenye korido akigonga mlango mmoja baada ya mwingine.

"Namba tisa kuna msiba. Vaeni khanga mje kuhani."

"Msiba wa nani?"

"Mama wa mwenzetu."

"Lini?"

"Si mtauliza mkishakaa."

Wakaja. Wa kwanza alikuwa yule wa Mpwapwa, naye alikuwa hajui. Mimi ndiye niliyemficha hata njiani tulipokuwa pamoja. Wakaja wengine wanane, wakavua kandambili mlangoni, wakakaa kwenye mkeka na kwenye saruji. Mmoja mmoja alinipa mkono akaniambia pole. Wengine walikuwa na vichwa kama changu, na sasa waliviona tofauti, mmoja akaweka khanga juu ya chake. Hakuna aliyeimba. Wakristo walisali, Waislamu wakainua mikono, kila kundi likalisubiri jingine. Kisha tukakaa tu, kama watu wanavyokaa msibani wakiwa hawataki kuondoka. Nililia hapo, kwa mara ya kwanza tangu niondoke nyumbani.

Jua lilipoanza kushuka mwenzangu alivuta ile sufuria. Mlenda ulikuwa umepoa na ugali umekauka pembeni. "Msibani watu hula," alisema, akaugawa ugali tonge tonge ili kila mtu apate. Mimi akaniwekea kwanza. Nilishika tonge, nikachovya, ule utelezi ukavutika kama kawaida yake, nikatia mdomoni.

Alikuwa anakula pembeni yangu. Mara akasimamisha taya.

"Samahani," akasema polepole, "mimi nimeosha sufuria vizuri. Lakini kuna mchanga."

"Si wa sufuria," nikamwambia.

Nikamweleza habari za jiwe, upepo, na baba na uwanja wake. Wasichana wawili wakacheka, kisha wakajizuia, kisha mwenzangu akacheka waziwazi, wakaendelea.

Msamaha nilimwomba siku iliyofuata, homa ilipopungua, kwa maneno yaliyonyooka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema amesamehe lakini neno lile bado linamuuma, na litamuuma kwa muda. Lilimuuma kweli, miezi. Nilikuwa nikimwona akiacha pochi yake wazi mezani makusudi mbele yangu, kunikumbusha nani aliitwa mwizi. Sikuwa na haki ya kumwambia aache.

Nusu iliyobaki tuliipika mara mbili, Jumapili, na mara zote mbili yeye ndiye aliyesonga ugali. Krismasi nilirudi Gulwe na nywele zilizosukwa na kopo tupu. Baba alilitoa kwenye tranka, akaligeuza, akaligonga chini kwa kidole.

"Umekutosha?"

"Umetutosha."

Akaendelea kulishika.

"Ulikuwa na mchanga?"

"Ulikuwa nao," nikasema, na nikamwona akicheka.