Mwenye Ndoo za Jumba la Maigizo

Mama anayetunza jumba letu la maigizo ya Kiayalandi, hapa Galway, hugonga kila ndoo kwa ukucha asikie imejaa kiasi gani. Paa linavuja, na bila ruzuku ya serikali jumba litafungwa. Siku afisa alipokuja kukagua, sisi wanakamati, kwa upumbavu wetu, tulificha ndoo zote tusiaibike mbele ya mgeni. Mama hakubishana nasi. Alimketisha afisa kiti cha tatu, pale ndoo moja hukaa, akampa chai. Mvua ikaanza, tone likatumbukia kikombeni.

“Nikuongezee chai, mheshimiwa,” akauliza kwa Kiayalandi, “au paa limeshakuongezea?”

Afisa akacheka, akajibu kwa Kiayalandi chake cha shuleni: “Limeniongezea, mama. Tutaanza na hilo.”