Kiberiti cha Mjomba

Juzi pale Kianjai nilimwona mtu wa bodaboda akichungulia tangi lake kwa mwanga wa kiberiti, nikasikia tena harufu ya ndizi mbichi zikiungua.

Nilipokuwa mtoto, siku moja mjomba alikuwa ameegesha pikapu yake nyuma ya jikoni kwetu, imejaa ndizi za kupeleka sokoni. Geji ya mafuta ilikuwa imekufa zamani. "Kendi, niletee kiberiti nione kama petroli imebaki," aliniambia. Nilikimbia kukileta kwa furaha, maana kati ya watoto wote alikuwa amenituma mimi. Aliwasha njiti akainama kwenye tangi. Moto ulilipuka kwa sauti ya shuka linalokung'utwa, nyusi zake zikatoweka, na pikapu yote ikaungua.

Mama alipofika mbio kutoka shambani, mjomba alininyooshea kidole. "Ni huyu mtoto alileta kiberiti."

Nilichapwa, nami nikaona ni haki, kwa sababu kweli nilikuwa nimekileta. Hakuna aliyemuuliza mjomba nyusi zake zimeenda wapi.

Kwenye harusi yangu alipewa kipaza sauti. Aliwasimulia wageni jinsi nilivyomchomea gari, wakacheka sana. Nyusi zake zilikuwa zimeota zamani.